Kabla ya kuliita jipya: kusoma bawa la mdudu lililobaki kwenye jiwe

Visukuku vingi vya wadudu si mdudu mzima bali bawa. Mwili huoza, huvunjika au huliwa. Bawa ni utando mkavu wa kitini (kile kitu kigumu cha ganda la mdudu) usio na lishe, na walao wadudu hulitema au huliacha lielee majini mpaka lizame kwenye tope. Ndiyo maana anayetaka kueleza spishi mpya mara nyingi ana mbele yake kipande cha sentimita mbili au tatu, bila kichwa wala miguu, na pengine ncha yenyewe imekatika. Kutokana na kipande hicho anatakiwa aseme mdudu huyu ni wa kundi gani, anatofautiana vipi na wale waliokwisha kupewa majina, na kwamba tofauti hiyo imetoka kwa mdudu mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo gumu. Jiwe linaweza kutengeneza tofauti, jinsia inaweza, na hata kulichukulia bawa la nyuma kuwa la mbele kunatosha kuzalisha spishi ambayo haikuwahi kuruka.

Jiwe kwanza

Mahali kisukuku kilipotoka ndipo panapoamua nini kitaonekana na nini kinaruhusiwa kufanywa mezani. Mawe ya chokaa ya Crato, kaskazini mashariki mwa Brazili, yamehifadhi wadudu ambao tishu zao zilichukuliwa nafasi na madini ya chuma. Mwili una ujazo, na sindano nyembamba inaweza kufunua mguu uliofunikwa. Solnhofen ya Ujerumani, yenye takriban miaka milioni 150, mara nyingi hutoa alama hafifu tu, na anayechokoa hapo kwa sindano akitafuta mguu ataishia kuuchonga yeye mwenyewe. Jiwe la Messel, pia la Ujerumani, la takriban miaka milioni 48, lina maji kiasi cha asilimia 40. Likikauka linapasuka na mdudu anasambaratika nalo, kwa hiyo wadudu wake hutunzwa ndani ya gliserini.

Kisukuku kilichobaki kama utando mweusi juu ya jiwe la rangi nyepesi huonekana vizuri zaidi kikiloweshwa kwa ethanoli ya asilimia 70. Matone mawili kwa brashi laini yanatosha: mng'ao wa uso wa jiwe unapotea, mishipa inakolea, na una muda mfupi wa kupiga picha kabla ethanoli haijakauka. Maji yasitumike kwenye mawe ya udongo mfinyanzi, kwa sababu udongo huvimba na tabaka la juu likibanduka linaondoka na bawa. Jaribu kwanza kwenye kona isiyo na kitu. Na kama kisukuku hakina rangi yoyote bali ni miinuko na mabonde tu, ethanoli itakificha badala ya kukionyesha. Hapo kinachohitajika ni mwanga wa pembeni.

Taa ishushwe mpaka miale ipite karibu sambamba na uso wa jiwe, nyuzi 10 hadi 20 hivi. Desturi ya picha za kisayansi ni mwanga kutoka juu kushoto, na desturi hiyo ina sababu: jicho hudhani mwanga unatoka juu, kwa hiyo ukiupiga kutoka chini, tuta litasomeka kama mfereji. Lakini picha moja haitoshi. Mshipa uliolala sambamba na miale hautupi kivuli na unaweza usionekane kabisa, kwa hiyo zungusha taa pande nne angalau, upige kila mara bila kusogeza jiwe. Usiandike kwamba mshipa fulani haupo kabla ya kuziangalia picha zote nne.

Kwa visukuku vya miinuko kuna pia unga mweupe wa kloridi ya amonia. Hupashwa moto ndani ya mrija wa kioo, moshi wake hupulizwa kwa wepesi juu ya jiwe, na uso mzima unakuwa mweupe usiong'aa, matuta yakijitokeza. Usiupulizie juu ya kisukuku chenye rangi, kwani utafunika kile kile unachokitaka. Usiuache pia juu ya jiwe la chokaa: unga huo hunyonya unyevu wa hewa, unakuwa na tindikali kidogo na kuanza kuula uso.

Jiwe likipasuka kwenye tabaka la mdudu, vipande vyote viwili vina habari. Mara nyingi nusu ya utando imebaki huku na nusu imekwenda na pacha wake. Vipewe namba moja yenye herufi mbili tofauti, vipigwe picha vyote, na mchoro uunganishe vyote viwili, pacha akiwa amegeuzwa kama taswira ya kwenye kioo. Mchoro wa kipande kimoja wakati pacha yupo droo ya pili ni kazi nusu.

Matuta na mifereji

Majina ya mishipa ya bawa yanatokana na mfumo ambao John Henry Comstock na James George Needham waliuchapisha Marekani mwaka 1898 na 1899. Walifuata mirija ya hewa inayotangulia mishipa ndani ya mabawa machanga ya nimfu na pupa, yaani wadudu ambao hawajakomaa. Kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma kuna kosta (C), subkosta (Sc), radiusi (R), media (M), kubitusi (Cu) na mishipa ya anali (A). Mirija ya hewa, hata hivyo, haimsaidii sana mtu wa visukuku, kwa sababu jiwe haliihifadhi. Msaada ulikuja mwaka 1922, Mbelgiji Auguste Lameere alipotilia mkazo kwamba bawa halikulala bapa: lina mikunjo, na kila mshipa mkuu una mahali pake, ama juu ya tuta ama chini ya mfereji. Tuta huandikwa kwa alama ya kujumlisha, mfereji kwa alama ya kutoa.

Mpangilio kamili, bawa likitazamwa kutoka juu, ni huu (A inayofuata jina la mshipa ni tawi lake la mbele, P ni tawi la nyuma): C ni tuta, Sc mfereji, RA tuta, RP mfereji, MA tuta, MP mfereji, CuA tuta, CuP mfereji, kisha anali ya kwanza tuta. Si kila kundi lina yote. Wadudu wengi wamepoteza baadhi ya mishipa hii au wameiunganisha, na makosa mengi hutokana na mtu kulazimisha herufi zote zipate mshipa. Anza na unachokijua. Tafuta ukingo wa mbele, ambao ni mnene na ndiko mishipa inakosongamana. Mfereji wa kwanza nyuma yake ni Sc. Tuta kubwa linaloufuata, ambalo kwa kawaida ndilo lenye nguvu kuliko yote, ni R au RA. Ukishalishika hilo, hesabu kwenda nyuma, ukikagua kila mshipa kwa mwanga wa pembeni kabla ya kuuandikia herufi.

Mikunjo hii inafanya pia kazi ambayo umbo la bawa peke yake haliwezi. Bawa ambalo ukingo wake wa mbele uko juu na ncha yake inaelekea kulia linaweza kuwa bawa la kulia lililotazamwa mgongoni, au bawa la kushoto lililotazamwa kwa chini. Umbo ni lile lile. Tazama RA: ikiwa tuta, unaona uso wa juu wa bawa la kulia. Ikiwa mfereji, unaona uso wa chini wa bawa la kushoto, au alama ambayo uso wa juu wa bawa hilo la kushoto uliiacha kwenye tope. Mwenye kuruka hatua hii anaweza kulinganisha bawa la kulia na la kushoto la mdudu mmoja akidhani ni wawili.

Kuna mawe yaliyobanwa mpaka mikunjo ikafutika. Hapo utategemea mahali mishipa inapogawanyika na mahali inapoishia, na ni haki ya msomaji aambiwe hivyo waziwazi. Taja pia mfumo wa majina unaoufuata. Kwa kereng'ende hasa, mshipa ule ule umeitwa kwa majina tofauti na waandishi tofauti, na mtu anayenakili utambuzi wa zamani bila kubadilisha herufi anaweza kulinganisha vitu viwili visivyohusiana.

Nini kihesabiwe

Nitabaki na kereng'ende, kwa sababu bawa lake lina vitu vingi vya kupimwa na karibu kila kimoja kinaweza kupotosha. Kwanza nodusi, lile fundo kwenye ukingo wa mbele ambapo Sc inaishia: pima umbali wake kutoka shina la bawa, ugawe kwa urefu wote wa bawa. Kwa jamii ya kereng'ende wembamba, wale wa Zygoptera, nodusi husogea karibu zaidi na shina. Kisha mishipa mtambuka (midogo inayounganisha mikuu) iliyo kabla ya nodusi, ukitenga miwili minene, Ax1 na Ax2, na kupima umbali kati yake. Halafu pterostigma, doa nene karibu na ncha: urefu, upana, idadi ya vyumba (nafasi zilizozungushiwa mishipa) vilivyo chini yake, na kama kuna mshipa wa mshazari unaolishikilia upande wa shina. Kwa Anisoptera, kereng'ende wanene, ongeza pembetatu ya diskoida, ile ya mishipa karibu na shina, umbo lake kwenye bawa la mbele na la nyuma, na kama imegawanywa na mishipa mtambuka. Mwisho, safu za vyumba kati ya matawi ya RP na mishipa inayoingia katikati yake.

Kutokuwepo kwa kitu ni sifa vilevile. Meganeura monyi, mdudu mkubwa wa Commentry, Ufaransa, aliyepewa jina na Charles Brongniart mwaka 1885, huitwa kereng'ende katika vitabu vya watoto. Bawa lake halina pterostigma wala nodusi iliyokamilika, na hilo linatosha kumweka nje ya kereng'ende wa kweli, hata kama mabawa yake yalikuwa na upana wa sentimita 65 hivi kutoka ncha hadi ncha.

Sasa angalizo. Idadi ya mishipa mtambuka hubadilika kutoka mdudu hadi mdudu, hata kutoka bawa la kushoto hadi la kulia la mdudu mmoja. Anayeandika kwamba spishi yake ina mishipa 14 kabla ya nodusi na jirani yake ina 13 hajaandika chochote. Ukiwa na vielelezo kadhaa, toa kiwango cha chini na cha juu. Ukiwa na kimoja, angalia jamaa wa leo hubadilika kiasi gani kabla ya kuipa namba uzito. Mahali mshipa mkuu unapogawanyika kuna uzito kuliko idadi ya matawi yake, na idadi ya matawi ina uzito kuliko idadi ya mishipa mtambuka. Hiyo ndiyo ngazi ninayoifuata, na sijaona kundi ambalo inafaa kuigeuza juu chini.

Mende wa zama za Kaboni, zilizokwisha takriban miaka milioni 300 iliyopita, ndio somo lenyewe. Mabawa yao ya mbele ni magumu, yamehifadhika kwa wingi, na matawi ya mishipa yake hubadilika sana. Samuel Scudder katika karne ya 19 na Anton Handlirsch mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wa visukuku vya wadudu, walitoa majina mengi kwa bawa moja moja, na mengi kati ya hayo yameunganishwa baadaye, vielelezo vingi vya tabaka moja vilipowekwa mezani pamoja.

Yanayofanana na spishi mpya

La kwanza ni mwamba uliovutwa. Miamba iliyokandamizwa na misukosuko ya ardhi hunyoosha kila kilichomo upande mmoja, na bawa fupi pana linakuwa refu jembamba. Dalili yake ni rahisi kuikagua kama una mabawa kadhaa kwenye tabaka moja: andika uwiano wa urefu kwa upana wa kila bawa pamoja na uelekeo wake kwenye jiwe. Ikiwa membamba yote yamelala upande mmoja na mapana yote yamelala kukata upande huo, tofauti ni ya mwamba. Mdudu mwenye mabawa yote mawili yaliyokunjuliwa ni bora zaidi, kwa sababu kushoto na kulia vilipaswa kulingana.

La pili ni bawa la nyuma. Mabawa ya mbele na ya nyuma ya mdudu mmoja yanaweza kutofautiana kuliko mabawa ya mbele ya spishi mbili. Kama spishi jirani inajulikana kwa bawa la mbele tu na wewe una bawa la nyuma tu, huwezi kusema ni tofauti. Hakuna kinacholinganishwa. Tafuta upana wa eneo la anali, umbo la shina na jinsi kosta inavyopinda, na kama havitoshi kuamua, acha jina wazi kwenye ngazi ya jenasi au familia. Rafu za makumbusho zina spishi za kutosha zilizotenganishwa na jozi zao.

La tatu ni jinsia. Katika familia nyingi za kereng'ende wa Anisoptera, bawa la nyuma la dume lina pembe kali nyuma ya shina pamoja na pembetatu ya anali, ilhali la jike limepinda kwa mviringo. Tofauti inaonekana kubwa mno, na ni ya ndoa tu.

Mabawa mawili yaliyolaliana nayo huzalisha wavu wa ajabu wa vyumba. Fuata kila mstari mpaka mwisho wake. Mshipa wa kweli unaishia ukingoni au unaungana na mwingine, lakini mistari inayopishana bila fundo, kisha kila mmoja ukaendelea na safari yake, ni ya mabawa mawili. Eneo la anali lililokunjika chini ya bawa hufanya kinyume: linapunguza upana na kuficha mishipa, na mwandishi asiye makini anaandika kwamba eneo hilo ni dogo.

Ukubwa peke yake usiutegemee kabisa. Na ncha ikikatika, andika vipimo viwili mbalimbali: urefu uliobaki, na urefu unaokadiriwa pamoja na njia ya kukadiria. Vikichanganywa, mtu mwingine atachukua namba ya kukisia na kuiingiza kwenye jedwali lake kama kipimo.

Mwili ukiwepo

Kabla ya kupima chochote amua mdudu amelalaje: mgongo juu, tumbo juu, au ubavu. Aliyebanwa ubavuni hana upana wa kichwa wa kukupa. Urefu wa mwili upimwe kutoka mbele ya kichwa hadi mwisho wa tumbo, bila vipapasio na bila mrija wa kutagia, ambavyo hupewa vipimo vyake.

Tumbo ndilo linalodanganya kuliko vyote. Mzoga ukioza majini, gesi hulivimbisha, utando laini kati ya pingili unanyooka, na mdudu anarefuka baada ya kufa. Kwa hiyo pima bamba gumu la kila pingili peke yake, ueleze kama pingili zimeachana. Kifua hubadilika kidogo zaidi, na ngao ya kifua cha mbele ni nzuri kwa mende, panzi na mbawakawa: umbo la kingo zake, pembe za nyuma, vitundu vya juu. Miguu ielezwe kipande kwa kipande, kuanzia koksa, trokanta, paja, muundi hadi wayo, pamoja na miiba na mahali ilipo. Idadi ya pingili za wayo hukupa kundi mara moja kwa baadhi ya mbawakawa: wa Tenebrionoidea wengi wana tano, tano, na nne mguu wa nyuma. Hesabu miguu ya pande zote mbili, kwa sababu pingili ndogo ya karibu na kucha hujificha kwa urahisi.

Andika "haipo" pale tu eneo lote limehifadhika na kitu hakipo. Vinginevyo andika "haionekani". Maneno haya mawili huingia kwenye jedwali la sifa kama alama tofauti, na la kwanza likikosewa linamhamisha mdudu kutoka familia hadi familia. Na kadiri sehemu iliyobaki inavyokuwa ndogo ndivyo hukumu inavyoyumba. Kule Rhynie, Uskoti, kuna taya za mnyama wa zaidi ya miaka milioni 400, Rhyniognatha hirsti, zilizopewa jina mwaka 1928. Mwaka 2004 zilisomwa kuwa za mdudu, tena wa ukoo unaokaribiana na wenye mabawa. Mwaka 2017 uchunguzi mwingine ukasema huenda ni za tandu.

Bawa lililoachana na mwili lisiunganishwe nao kwa sababu tu viko karibu kwenye jiwe. Sharti uone shina la bawa likiingia kifuani.

Kaharabu ina taratibu zake

Mdudu wa kaharabu anaonekana kamili, na hilo huwafanya watu wapunguze uangalifu. Hakikisha kwanza kwamba kilichomo mkononi ni kaharabu. Sandarusi, ambayo kijiolojia ni changa, hulainika na kunata ikidondoshewa asetoni, huku kaharabu halisi ikibaki ngumu. Fanya jaribio hilo kwenye kona iliyo mbali na mdudu. Mdudu wa sandarusi lazima alinganishwe kwanza na spishi zinazoishi leo, kwani kuna uwezekano mkubwa ni mmojawapo. Pili, hakikisha hakuna aliyemwingiza. Makumbusho ya Historia ya Asili ya London ilikuwa na kipande cha kaharabu ya Baltiki chenye inzi Fannia scalaris, spishi ya leo, na Willi Hennig, mtaalamu Mjerumani wa inzi, alimjadili kwa uzito mwaka 1966. Mwaka 1993 Andrew Ross alimkagua chini ya hadubini, akauona ufa: kaharabu ilikuwa imekatwa vipande viwili, ikachongwa shimo, inzi akawekwa na vipande vikagandishwa. Taa ya urujuanimno hufichua gundi kwa sababu haing'ai kama kaharabu.

Ili kuona bawa, tengeneza dirisha bapa sambamba nalo. Kata kwa msumeno mwembamba, sugua kwa karatasi ya silikoni kabidi yenye maji, kuanzia namba 600, kisha 1000, 2000 na 4000, halafu ng'arisha. Simama ukiwa umebakiza nusu milimita hivi kati ya uso na mdudu, kwani ukikaribia zaidi ufa unaweza kufungua njia ya hewa na mdudu akaharibika taratibu. Kaharabu inayovunjika kirahisi itiwe kwanza ndani ya resini ya epoksi chini ya ombwe. Mikwaruzo midogo iliyobaki hupotea ukiweka tone la gliserini na kioo chembamba juu yake. Bawa likiwa limekunjika ndani ya kaharabu, vipimo vya urefu kutoka picha bapa ni vya uongo. Eksirei ya tomografia husaidia kwa mwili na viungo vya uzazi, lakini utando wa bawa mara nyingi ni mwembamba kuliko kile mashine inachoweza kutenganisha.

Kuandika

Mpangilio umezoeleka: oda, familia, jenasi, jina la spishi lenye alama ya upya, asili ya jina, holotaipu (kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi) na namba yake, mahali na tabaka, utambuzi, maelezo, halafu majadiliano. Utambuzi na maelezo si kitu kimoja. Maelezo yanasema kila kinachoonekana, utambuzi unasema kile tu kinachomtenga na jirani. Utambuzi mbovu husomeka hivi: "Bawa refu, lenye mishipa mingi, pterostigma ya wastani." Mzuri, kwa mfano wa kubuni, husomeka hivi: "Hutofautiana na spishi nyingine zote za jenasi kwa RP kuanza kabla ya robo ya kwanza ya bawa, pterostigma ndefu mara sita ya upana wake, ikifunika vyumba vitano, pembetatu ya diskoida ya bawa la mbele haikugawanywa." Kila kipengele kinaweza kupimwa na mtu mwingine, na kila kimoja kinajibiwa na spishi jirani. Kama sifa fulani haijulikani kwa jirani, iondoe.

Kila picha iwe na mstari wa kipimo uliopigwa kwa ukuzaji ule ule, wala si namba ya ukuzaji, ambayo hubadilika ukurasa ukipunguzwa. Mchoro utenganishe kwa aina ya mstari kinachoonekana na kinachokisiwa: mstari mzima kwa mshipa uliopo, nukta kwa uliofuatishwa. Picha na mchoro vikae ukubwa mmoja, pamoja, ili msomaji aweze kukukagua.

Jina na sheria

Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, toleo la nne, inatumika tangu Januari 1, 2000. Kwa spishi mpya inadai jina liwekewe alama ya upya waziwazi, maelezo ya maneno yanayotenga, holotaipu iliyotajwa, na jina la mkusanyo na mahali inapotunzwa au itakapotunzwa. Holotaipu inaweza kuwa alama kwenye jiwe, na kama ina pacha, vyote viwili vitajwe kwa namba. Jenasi mpya inahitaji spishi ya aina, yaani spishi moja inayobeba jina la jenasi, iliyochaguliwa waziwazi. Jina la jenasi likaguliwe katika orodha za wanyama wote, siyo wadudu peke yao, kwani konokono au samaki anaweza kuwa alishalichukua na mtu mwingine atalazimika kulibadilisha.

Jinsia ya jina la jenasi huamua mwisho wa jina la spishi kama ni kivumishi. Majina yanayoishia -ops huchukuliwa kuwa ya kiume. Kwa jina la kumheshimu mtu, mwanamume huchukua -i, mwanamke -ae, kundi la watu -orum au -arum.

Kisheria, jiwe lenyewe lina mwenyewe. Brazili imeyafanya mabaki ya kale kuwa mali ya taifa tangu mwaka 1942, na mdudu wa Crato aliyetoka bila kibali huleta madai ya kurudishwa hata kama maelezo yake hayana dosari. Kaharabu ya Myanmar, yenye umri wa takriban miaka milioni 99, imeingia kwenye ubishi mkali kwa sababu ya vita katika eneo inakochimbwa, na yapo majarida yanayokataa kuichapisha. Ulizia hati za upatikanaji kabla ya kufungua hadubini, kwani baada ya miezi ya kazi hutakuwa na nia ya kusikia jibu baya.

Ukichapisha kwa njia ya kielektroniki tu, marekebisho ya 2012 ya Kanuni hiyo yanadai kazi isajiliwe ZooBank, rejista rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama, kabla ya kutoka, ushahidi wa usajili uonekane ndani ya kazi yenyewe, tarehe ya kuchapishwa itajwe, na usajili uonyeshe namba ya jarida pamoja na hifadhi ya kudumu inayokusudiwa. Kikikosekana kimoja, jina halipo kisheria mpaka kazi ichapishwe upya kwa kutimiza masharti, na mwingine anaweza kukutangulia. Kwa sababu hiyo jina jipya lisitajwe kwenye muhtasari wa mkutano, kwenye bango wala kwenye tasnifu inayopatikana mtandaoni. Tumia namba ya kielelezo mpaka siku ya kuchapishwa.